Maji Yaweza Kungoja, Maziwa Hayawezi

Saa nane za usiku, katika nyumba nyingi za pwani yetu, taa moja huwa inawaka, nayo ni ya chumba cha mzazi. Mtoto ameamka na njaa. Kando ya kitanda ipo chupa ya chai ambayo tangu baada ya sala ya Isha imejazwa maziwa ya kopo yaliyokwisha kukorogwa, ili mtoto asingojeshwe. Mama anamimina, anajitonea tone moja mkononi, anaona yana uvuguvugu mzuri, anamnywesha mwanawe. Mtoto anashiba na kulala. Kwa atazamaye, hapo hapana kosa: mama hakuzembea, na mtoto hakulia sana. Hata hivyo, hatari imo ndani ya uvuguvugu ule ule ulioonekana kuwa rehema.

Makala haya tumewaandikia akina mama wanaowanywesha watoto maziwa ya kopo, pamoja na mabibi, mashangazi na mawifi wanaoshika zamu wakati mzazi amepumzika. Neno letu ni moja, na yote yatakayofuata yanalifafanua: mtoto na anyweshwe kila anapohitaji, lakini kinachowekwa tayari mapema kiwe ni maji ya moto na vyombo safi, kisiwe ni maziwa.

Kabla ya kopo

Maziwa ya mama ndiyo ya kwanza, na hilo halina mjadala. Shirika la Afya Duniani na Wizara yetu ya Afya zinahimiza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi afikishe miaka 2 au zaidi. Nasi Waislamu tunaijua aya ya 233 ya Sura Al-Baqara, inayotaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha. Hata mama anayeishi na virusi vya UKIMWI asikimbilie kopo kwa hofu. Akiwa anatumia dawa zake sawasawa, mwongozo ni kwamba anyonyeshe, na uamuzi wowote mwingine aufanye pamoja na wauguzi wake.

Lakini wapo watoto ambao mama zao wamefariki, au wamelazwa, au wanatumia dawa zisizopatana na kunyonyesha, au maziwa yao hayakutosha baada ya kila jitihada. Aya hiyo hiyo imewafungulia wazazi mlango wa kushauriana na kuridhiana, na wa kumtafutia mtoto mnyonyeshaji mwingine. Dini haikumfanya mwenye udhuru kuwa mkosaji. Sisi majirani tusimfanye hivyo.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 imeyazuia makampuni kuwanadia akina mama maziwa mbadala, nayo ni sheria njema. Ila wengine wameielewa kana kwamba hata kuuliza ni mwiko. Kopo hufichwa uvunguni mwa kitanda, na mwenye kuficha hukosa mafunzo. Sheria haikumkataza muuguzi kumwelekeza mama mwenye haja jinsi ya kuyatengeneza maziwa hayo kwa usalama. Basi, dada yangu, uliza kliniki bila kuona haya.

Vijidudu vilivyolala

Wengi hudhani kwamba kopo likifunguliwa mara ya kwanza, unga uliomo hauna kijidudu hata kimoja. Sivyo. Viwanda huutengeneza kwa uangalifu mkubwa, lakini maziwa ya unga hayatoki kiwandani yakiwa yametakasika kabisa. Yaweza kuwa na bakteria waitwao Cronobacter, au wale wa Salmonella. Mwaka 2022, nchini Marekani, kiwanda kikubwa cha maziwa ya watoto kilisimamisha kazi kwa miezi kadhaa baada ya watoto kuugua na Cronobacter kupatikana ndani ya kiwanda hicho. Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa katika nchi yenye uwezo wote ule, hatuwezi kuliamini kopo kwa sababu tu limefungwa vizuri.

Ndani ya unga mkavu, vijidudu hivi haviongezeki. Ni kama vilivyolala. Vikipata maji na uvuguvugu, huamka na kuzaana upesi. Ugonjwa wa Cronobacter hutokea kwa nadra, lakini ukitokea ni mzito: huingia katika damu na kuleta homa ya uti wa mgongo. Walio hatarini zaidi ni watoto wasiotimiza miezi 2, waliozaliwa kabla ya siku zao, waliozaliwa na uzito mdogo, na wenye kinga dhaifu.

Kwa ajili hiyo, mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa yalitoa mwongozo wenye nguzo mbili kuu. Ya kwanza, unga ukorogwe kwa maji yaliyochemka ambayo joto lake halijashuka chini ya nyuzi 70 za Selsiasi, kwa kuwa joto hilo ndilo linaloua vijidudu vilivyomo. Ya pili, maziwa yakishatengenezwa yapozwe na kunywewa papo hapo. Yakipitisha muda wa saa 2, yamwagwe.

Sasa turudi kwenye ile chupa ya chai kando ya kitanda. Maziwa yaliyokaa humo kwa saa 6 yakiwa vuguvugu ni malezi bora kwa kijidudu chochote kilichotoka katika unga, katika kijiko au katika mkono. Lau chupa hiyo ingetiwa maji yanayotokota peke yake, ingekuwa msaidizi mwema wa mama huyo.

Kutengeneza maziwa

Kazi huanza na mikono. Ioshe kwa sabuni, hasa baada ya kumbadilisha mtoto nepi. Chupa ya kunyonyea na chuchu yake zisuguliwe kwa sabuni na brashi hadi mabaki ya maziwa yote yatoke, kisha zichemshwe ndani ya sufuria zikiwa zimezama kabisa, na zikae humo, kifuniko kikiwa juu, mpaka wakati wa kutumiwa.

Aonaye kazi hiyo ni nzito ana njia nyepesi zaidi, nayo ni kikombe. Mtoto mchanga, hata aliyezaliwa juzi, aweza kunyweshwa kwa kikombe kidogo kilicho wazi, mfano wa finjani ya kahawa. Mwinue kidogo mapajani, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, umwache alambe na kufyonza mwenyewe, usimmiminie. Finjani haina kona za kuficha uchafu kama chuchu ya mpira, na kuisafisha ni rahisi.

Maji, yawe ya bomba, ya mkokoteni au ya chupa ya dukani, yachemshwe mpaka yatokote. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo watu wa pwani tunayafahamu vyema, yasitumike kabisa: kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi, na figo za mtoto mchanga haziihimili. Yakishatokota, yasiachwe nje zaidi ya dakika 30 kabla ya kukoroga. Tia maji kwanza kwa kipimo, kisha unga, kwa kijiko kile kile kilichomo ndani ya kopo hilo, kikiwa kimesawazishwa bila kushindiliwa. Fuata hesabu iliyoandikwa. Mtoto aliyeandikiwa na daktari maziwa ya aina maalumu, afuatiwe maelekezo ya daktari wake.

Maziwa hayo yatakuwa ya moto wa kuunguza. Yapoze kwa kuiweka chupa iliyofungwa, au kikombe kilichofunikwa, ndani ya beseni la maji baridi yasiyofika kwenye kifuniko. Dondoshea tone upande wa ndani wa kiganja, karibu na kifundo. Ukihisi uvuguvugu tu, mpe mtoto.

Mtoto ndiye mwenye saa

Mtu atasema: yote haya huchukua muda, na mtoto hangoji. Ni kweli, na si vyema kumlazimisha mtoto mchanga afuate saa ya ukutani. Lakini kilio ni ishara ya mwisho ya njaa, si ya kwanza. Kabla ya kulia, mtoto hujinyonganyonga, hulamba midomo, hugeuza kichwa huku na huku akitafuta, hupeleka ngumi kinywani. Anayezijua dalili hizi hupata dakika za kutengeneza maziwa kabla nyumba haijaamka.

Kwa makadirio, mtoto anayetegemea kopo pekee huhitaji mililita 150 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku nzima. Mwenye kilo 4 atakunywa kama mililita 600, na akinywa mara 8, kila mara ni mililita 75. Haya ni makadirio tu. Saa hii atataka zaidi, saa nyingine pungufu. Akigeuza uso au akifumba mdomo, ameshiba. Usimshurutishe amalize, wala usimwache peke yake na chupa iliyoegemezwa kwenye mto, kwani aweza kupaliwa.

Israfu na kuzimua

Hapa ndipo bibi wa nyumba huumia moyo. Kopo ni ghali, na kumwaga maziwa aliyobakisha mtoto huonekana kuwa israfu. Hisia hiyo ni ya haki, lakini dawa yake si kuyahifadhi mabaki, kwa kuwa mate ya mtoto yameshaingia humo. Dawa ni kutengeneza kidogo. Anza na mililita 60; akitaka tena, mtengenezee nyingine 30. Anayepima kidogo humwaga kidogo, na mtoto hunywa maziwa mapya kila mara.

Israfu nyingine hujificha ndani ya kubana matumizi: kuyazimua maziwa kwa maji mengi ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mtoto hujaza tumbo bila kupata chakula, na hudhoofika mbele ya macho yetu. Unga ukizidi nao humlemea na kumkausha maji mwilini. Familia ikiona kopo haliwezekani, iende kliniki mapema kutafuta ushauri. Isimgeuzie mtoto chai, uji wala maziwa ya ng'ombe.

Mpango wa usiku

Basi usiku upangwe hivi. Baada ya Isha, chemsha maji na uyatie yakitokota, hadi pomoni, katika chupa ya chai iliyo safi, inayofunga barabara, na isiyotiwa kitu kingine ila maji. Pima unga wa kila mlo katika vibweta vidogo safi, vikavu, vyenye vifuniko. Weka finjani zilizochemshwa na beseni la maji baridi. Katikati ya usiku, chemsha maji mengine ujaze upya, kwani hata chupa nzuri hupoteza joto. Kipimajoto ndicho cha kuaminiwa. Asiye nacho, akifungua chupa na mvuke ukawa hafifu, achemshe tena. Mpango huu huu hufaa safarini na harusini.

Mwenye friji inayoshika baridi ya nyuzi 5 au chini yake aweza kutengeneza maziwa kwa maji ya moto, kuyapoza upesi na kuyaweka humo kwa muda usiozidi saa 24, kisha kuyapasha ndani ya maji ya moto kwa dakika zisizozidi 15. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, maziwa hayo yasiaminiwe.

Na pamoja na hadhari zote, mzazi afungue macho. Mtoto mchanga akipata homa, akikataa kunywa, akilegea, akishikwa na degedege, akiharisha, au utosi wake ukivimba au kubonyea, apelekwe hospitali saa ile ile. Asingojewe mpaka asubuhi.

Kumlea mtoto ni amana, na amana haitunzwi kwa mapenzi peke yake bali pamoja na elimu. Mama wa saa nane za usiku hakukosa mapenzi. Alihitaji tu mtu wa kumwambia kwamba maji ya moto yaweza kumngojea mtoto usiku kucha, bali maziwa hayawezi. Atakayeyasoma haya na amfikishie. Mwenyezi Mungu atukuzie watoto wetu katika afya na wema. Amin.