Ukuta wa Nehemia: Msingi wa Kibiblia wa Kazi ya Pamoja

Kazi ya pamoja, yaani utaratibu ambao watu wenye ujuzi na vyeo tofauti hugawana jukumu moja na kuwajibika pamoja kwa matokeo yake, huhimizwa karibu katika kila ofisi, karakana na hospitali, ingawa mara nyingi huhimizwa kwa maneno ya hamasa yasiyobainisha nani atafanya nini, wala nani ataumia zaidi mzigo utakapozidi. Kwa Mkristo anayetafuta mwongozo katika jambo hili, kitabu cha Nehemia katika Agano la Kale kina mafundisho ya pekee, kwa sababu kinaeleza kwa kina jinsi kazi ilivyogawanywa na jinsi ilivyokaribia kuvunjika, na kinaonyesha kwamba mshikamano wa watendakazi hujengwa na haki kabla ya kujengwa na hamasa.

Nehemia alikuwa mnyweshaji, yaani mtumishi mwaminifu aliyempelekea divai Artashasta, mfalme wa Uajemi, ambaye mnamo mwaka 445 kabla ya Kristo alimruhusu kwenda Yerusalemu, mji uliokuwa na kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketezwa kwa moto. Alipofika hakuitisha mkutano mara moja, bali baada ya siku tatu alitoka usiku pamoja na watu wachache na kuuzunguka mji, hata akafika mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuweza kupita. Ndipo, akiwa ameyaona maboma kwa macho yake mwenyewe, alipowaita wakuu na watu wote na kuwaeleza kusudi lake. Fundisho la kwanza, basi, ni kwamba kiongozi hana budi kuijua hali halisi ya kazi kabla ya kuwataka wengine waibebe.

Sura ya tatu ya kitabu hicho, ambayo wasomaji wengi huiruka kwa sababu imejaa majina, ndiyo inayoonyesha mgawanyo wenyewe wa majukumu. Eliashibu, kuhani mkuu, alianza na Lango la Kondoo pamoja na makuhani wenzake. Wafua dhahabu na watengeneza marashi, ambao kwa kawaida hawakuwa waashi, walipewa vipande vyao. Shalumu mwana wa Haloheshi alijenga pamoja na binti zake. Na wengi walitengeneza sehemu iliyoelekea nyumba zao, mahali ambapo uzembe ungemrudia mzembe mwenyewe. Kila kundi lilikuwa na mpaka uliojulikana, na pale lilipoishia ndipo jirani yake alipoanzia, hivyo kwamba pengo la mmoja lingekuwa hatari kwa wote. Mtume Paulo alifundisha kanuni iyo hiyo alipowaandikia Wakorintho kwamba kanisa ni kama mwili, ambao viungo vyake vinatofautiana lakini hakuna kinachoweza kukiambia kingine kwamba hakikihitaji.

Hata hivyo, tishio kubwa halikutoka kwa wapinzani wa ujenzi, Sanbalati na Tobia, peke yao, ambao dhihaka na vitisho vyao viliwalazimu wajenzi kujifunga panga viunoni. Sura ya tano inaeleza kwamba kilio kilizuka miongoni mwa wananchi wenyewe, kwani maskini walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, na baadhi yao walikuwa wakiwatoa watoto wao utumwani, ilhali waliowatoza riba walikuwa ndugu zao Wayahudi. Nehemia alikasirika, akatafakari, kisha akawakemea wakuu mbele ya mkutano na kuwataka warudishe walichochukua. Na yeye mwenyewe, kwa miaka 12 aliyokuwa liwali, yaani mtawala wa eneo hilo, hakudai posho ya chakula iliyokuwa haki ya cheo chake, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa maana malalamiko ya wanyonge hayakuhesabiwa kuwa uasi dhidi ya umoja, bali yalichukuliwa kuwa habari ya kweli kuhusu mahali umoja ulipopasuka. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya sita, kinafuata njia hiyo hiyo: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani waliposahaulika katika mgawo wa kila siku, mitume hawakuwanyamazisha walalamikaji, bali waliagiza wachaguliwe watu saba wa kuisimamia huduma hiyo.

Katika mazingira ya leo, kanuni hizi huonekana katika mambo madogo. Muuguzi anayemaliza zamu ya usiku, akiandika kwa uaminifu katika daftari la makabidhiano dozi ambayo haikutolewa, hata kama maandishi hayo yanaweza kumletea maswali, anafunga pengo kati ya kipande chake na cha mwenzake. Na msimamizi anayehakikisha kwamba zamu za sikukuu haziwaangukii wageni kazini peke yao anafanya kazi ya Nehemia bila kuhubiri. Kwa kuwa Wakristo wengi hufanya kazi bega kwa bega na Waislamu na watu wa imani nyingine, yafaa kanuni hizi zionyeshwe kwa matendo kuliko kulazimishwa kwa maneno, maana haki katika mgawanyo wa mzigo hutambuliwa na kila aliyewahi kuonewa.

Ukuta ulikamilika kwa siku 52. Katika orodha ya wajenzi wametajwa hata Watekoa, yaani watu wa Tekoa, ambao wakuu wao walikataa kuinamisha shingo kwa kazi hiyo lakini wao wenyewe wakajenga kipande cha pili mbali na kile cha kwanza, ilhali liwali aliyeiongoza kazi yote hakutajwa humo, kwani Nehemia anayeonekana katika orodha hiyo ni mwana wa Azbuki, mtu mwingine kabisa. Kiongozi anayeandika taarifa ya kazi iliyofanikiwa ana la kujifunza hapo: majina ya waliobeba mawe yatangulie, na jina lake linaweza kusubiri.