Kanisa la malishoni ambalo wakulima walikataa libomolewe

Mwaka 1803 dola ya Bavaria, kule kusini mwa Ujerumani, ilizifunga abasia na nyumba za watawa na kuzichukua mali zao zote: mashamba, misitu, maktaba, hata vyombo vya ibada. Kilichouzika kiliuzwa. Majengo yaliyoonekana hayana faida yalipigwa mnada au yalibomolewa ili mawe na mbao zake zikajenge kwingine. Miongoni mwa majengo yaliyopangiwa kwenda njia hiyo lilikuwamo kanisa moja lililosimama peke yake katikati ya malisho ya ng'ombe, bila mji wowote wa kulizunguka. Kwa jicho la ofisa wa hazina, kanisa kubwa mahali pasipo na watu ni hasara tupu.

Wakulima wa eneo lile walipinga, na kanisa likabaki. Leo nataka tulitazame kanisa hilo, kwa sababu historia yake inazungumza juu ya jambo tunalobishana hata sisi: nani mwenye haki ya kusema kitu fulani kina thamani au hakina.

Wenyeji huliita Wieskirche, yaani Kanisa la Malishoni, maana "Wies" ni uwanda wa majani. Liko kilomita chache kutoka Steingaden, pale ambapo nchi inaanza kupanda kuelekea milima ya Alpi. Huko Steingaden ilikuwapo abasia ya watawa wa shirika la Premontré, na mambo yote yalianzia kwao.

Mwaka 1730 watawa hao walitaka sanamu ya Kristo aliyefungwa na kupigwa mijeledi, ya kubeba katika maandamano ya Ijumaa Kuu. Hawakumwendea mchongaji mashuhuri. Walikusanya vipande vya mbao vya sanamu za zamani, wakaviunganisha, wakavifunika kwa kitambaa cha kitani na kuvipaka rangi. Sanamu ikatoka ya kutisha na ya kuhuzunisha, yenye madonda na minyororo. Ilibebwa miaka michache tu, kisha mwaka 1734 ikaachwa. Inaelezwa kwamba iliwaliza watu kupita kiasi. Ikatupwa darini kwa mwenye nyumba ya wageni, pamoja na vikorokoro vingine.

Sasa anaingia mtu ambaye katika vitabu vingi vya sanaa hupewa mstari mmoja tu, nami naona anastahili zaidi. Ni mama mkulima, jina lake Maria Lory, wa shamba la huko Wies. Mwezi wa Mei 1738 aliichukua ile sanamu iliyotupwa na kuipeleka nyumbani kwake, akawa anasali mbele yake. Tarehe 14 Juni mwaka ule ule, wakati wa sala ya jioni, yeye na watu wa nyumbani mwake waliona matone usoni pa sanamu, wakayaita machozi.

Mimi ni mtangazaji wa redio, si padri wala mkemia, na sitamwapia wala kumkana mtu aliyefariki zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Yaliyofuata, hata hivyo, yanajulikana vizuri. Habari zilienea, mahujaji wakaanza kumiminika, kwanza kutoka vijiji vya jirani, kisha kutoka mbali. Mwaka 1740 kilijengwa kikanisa kidogo cha kuiweka sanamu. Hakikutosha hata kidogo. Watu walikuwa wengi kuliko mahali.

Ndipo abasia ikaamua kujenga. Abati Hyazinth Gassner ndiye aliyeanza mpango huo, naye alifariki mwaka 1745, kazi ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Mrithi wake, Abati Marianus Mayr, akaubeba mzigo. Fundi aliyeitwa alikuwa Dominikus Zimmermann, mtu wa miaka sitini wakati huo, pamoja na kaka yake mchoraji, Johann Baptist. Hawa ndugu wawili walizaliwa Wessobrunn, mahali palipotoa mafundi wa lipu waliotafutwa katika nchi nyingi za Ulaya kama vile sisi tunavyowatafuta mafundi wa milango wa Zanzibar. Dominikus alianzia kwenye lipu, ndipo akawa mjenzi. Ukilijua hilo, umekwisha kulielewa nusu ya kanisa lake.

Kwa nje jengo halijivuni. Ni kuta nyeupe, paa kubwa, mnara mmoja. Nilipolifikia kwa basi la kutoka Füssen, miaka kadhaa iliyopita nilipokuwa Ujerumani kwa mafunzo, ng'ombe walikuwa karibu zaidi na barabara kuliko watu, na nilidhani dereva ameniteremsha mapema. Nikapita mlangoni. Nakiri kwamba kwa dakika kadhaa sikuandika neno hata moja katika daftari langu, na kazi yangu ni kuandika.

Kwanza ni mwanga. Ukumbi wa waumini ni wa umbo la yai, na kuzunguka yai hilo zimesimama nguzo nyeupe mbili mbili. Nyuma ya nguzo kuna njia ya kupita, na nyuma ya njia ndiko kwenye madirisha makubwa ya vioo vyeupe. Kwa hiyo mara nyingi unauona mwanga bila kuliona dirisha lenyewe. Haupigi macho, unazunguka kwanza kwenye kuta nyeupe, ndipo ukufikie. Wajenzi wa makanisa ya Kigothi, kama Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Dar es Salaam lililofuata mtindo huo, walipenda vioo vya rangi na kivuli. Zimmermann alitaka jua lenyewe.

Pili ni lipu. Mtindo wa baroko, na hasa mtoto wake wa mwisho aitwaye rokoko, hauvumilii mstari ulionyooka. Kila penye kona pameota jani, kombe la pwani, wimbi, au malaika mdogo. Kazi hiyo hufanywa kwa mchanganyiko wa chokaa, jasi na mchanga, na sehemu kubwa hufinyangwa kwa mkono pale pale ukutani kabla haujakauka. Fundi hana nafasi ya kusitasita. Anayezijua nyumba za zamani za Lamu, zenye vidaka vya chokaa iliyochongwa, atakumbuka kwamba mafundi wa pwani yetu nao walikuwa wakifanya maajabu kwa chokaa katika karne hiyo hiyo ya 18. Hawakujuana na watu wa Bavaria, na mitindo yao iko mbalimbali kabisa. Chokaa ndiyo iliyokuwa moja.

Zile nguzo nyekundu na za buluu zilizo sehemu ya altare, ambazo mgeni huzidhania marumaru, si mawe. Ni jasi iliyochanganywa na gundi na rangi, ikakandwa, ikapakwa, kisha ikasuguliwa mpaka ing'ae. Kuna njia rahisi ya kuitambua: marumaru ya kweli ni baridi mkononi, hii ya jasi ina uvuguvugu. Wengine husema huo ni udanganyifu wa maskini anayetaka kuonekana tajiri. Sikubaliani nao. Kazi yake ni ndefu, na jasi ilimpa fundi rangi alizozitaka, wakati jiwe huja na rangi ya machimbo. Nyekundu ya nguzo hizo hufasiriwa kuwa damu ya Kristo, na buluu ya juu kuwa neema ishukayo kutoka mbinguni. Mkulima asiyejua kusoma aliweza kuyasoma hayo kwa macho.

Tatu ni dari. Ukiliangalia unaona kuba kubwa limebebwa na nguzo nyembamba, na unajiuliza kwa nini haliangukii watu. Jibu ni kwamba kuba la mawe halipo. Ni fito na mbao zilizoning'inizwa kwenye kenchi za paa, kisha zikapigwa lipu kwa chini. Ni jepesi, na ndiyo maana fundi aliweza kuzifanya nguzo nyembamba na hata kuyatoboa matao ya sehemu ya altare kwa matundu ya maumbo ya ajabu, jambo ambalo kuba la mawe lisingemruhusu.

Juu ya dari hilo Johann Baptist alichora mbingu. Kristo ameketi juu ya upinde wa mvua, akionyesha jeraha lake. Upande wa altare kimechorwa kiti cha hukumu, na hakuna aliyekikalia. Upande wa pili, juu ya mlango wa kuingilia, limechorwa lango la milele, nalo limefungwa; mbele yake mzee anayewakilisha Wakati ameanguka chini. Nilisimama pale katikati nikigeuka huku na huku, shingo ikiuma, mpaka maana ikanijia: hukumu bado haijaanza. Kiti ni kitupu, lango halijafunguliwa, na kwa sasa yuko yule wa kwenye upinde wa mvua, ambao ni alama ya maridhiano. Kwa mhujaji aliyetembea siku kadhaa akiwa na dhambi zake na mgonjwa wake mgongoni, picha hiyo haikuwa pambo.

Na ile sanamu ya vipande iko wapi? Iko pale pale mahali pa heshima, kwenye altare kuu. Kazi yote ile ya mafundi bingwa imezungushwa kitu ambacho mafundi wenyewe wangekitupa.

Tuje kwenye fedha, maana najua mtu mmoja huko nyumbani ameshaanza kuuliza. Makadirio yalikuwa gulden 39,000. Kanisa lilipotabarukiwa, tarehe 1 Septemba 1754, gharama zilikuwa zimefikia gulden 180,000, zaidi ya mara nne. Tusishangae sana. Hata kanisa lao la Steinhausen, ambalo ndugu hao walilijenga kabla, lilikuwa limepita makadirio yake mara kadhaa. Ukimpa fundi wa lipu jengo na ukuta mtupu, usimwachie na mfuko. Abasia ya Steingaden iliandamwa na madeni tangu hapo. Husimuliwa kwamba Abati Marianus alikwaruza kwa almasi ya pete yake, kwenye kioo cha dirisha, maneno ya Kilatini ya kusema kwamba mahali hapa panakaa heri na moyo unapata pumziko. Sijui kama waliomdai walipata pumziko hilo pia.

Dominikus naye hakutaka kuondoka. Mtu huyu alikuwa amekuwa meya wa mji wa Landsberg am Lech, alikuwa na jina na cheo, lakini alijijengea nyumba ndogo karibu na kanisa lake na kuishi hapo hadi alipofariki mwaka 1766.

Nimeutaja Landsberg kwa makusudi. Katika wilaya ya mji huo ndiko iliko abasia ya Mtakatifu Otilia, walikotoka Wabenediktini waliofika kwetu mwishoni mwa karne ya 19, wakaanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Wengi wa wamisionari wale waliyajua tangu utotoni makanisa ya aina hii, yenye malaika wa lipu kila kona. Walipofika huku walijenga kwa matofali, kwa mistari iliyonyooka, kwa mitindo ya zamani zaidi, kwa sababu katika karne ya 19 wasomi wengi wa Ulaya waliidharau baroko kuwa ni mapambo yaliyozidi. Mitindo hupanda na kushuka.

Dharau hiyo ilikuwa na nguvu tayari mwaka 1803. Watawala wa wakati ule walijiita watu wa akili na mwanga, na hija kwao ilikuwa ushirikina unaowapotezea wakulima siku za kazi. Lakini hebu tazama mpangilio wa mambo. Watawa waliitupa sanamu, mama mkulima akaiokota. Watawa wakajenga juu ya imani yake na kuingia katika madeni. Serikali ikawaondoa watawa na kutaka kuliondoa na kanisa. Waliosimama mbele yake ni watu wa tabaka lile lile la Maria Lory. Naona hawakuwa wakitetea rokoko. Neno hilo hata hawakulihitaji. Walikuwa wakitetea kitu kilichoanzia nyumbani kwao.

Mwaka 1983 UNESCO ililiingiza kanisa hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia, miaka miwili baada ya magofu yetu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Kati ya mwaka 1985 na 1991 lilifanyiwa ukarabati mkubwa uliogharimu mamilioni ya marka za Kijerumani. Serikali inayolilinda leo ndiyo mrithi wa ile iliyotaka kuliuza.

Sasa watu wanaofika kwa mwaka huhesabiwa kwa malaki, wengi wao watalii wanaokaa nusu saa, wakapiga picha dari na kurudi kwenye basi. Misa bado inasomwa, na mahujaji bado wanakuja. Kikanisa kile cha kwanza cha mwaka 1740 nacho kipo, hatua chache tu kutoka kwa kaka yake mkubwa. Siku niliyokwenda mlango wake ulikuwa wazi, na ndani alikuwamo mama mmoja mzee amepiga magoti, mfuko wake wa sokoni ukiwa sakafuni kando yake.