Maziwa ya kopo: Je, ya bei ghali ndiyo bora kwa mtoto?

Katika maduka ya dawa na supamaketi za Likoni, Kisauni na Changamwe, makopo ya maziwa ya watoto wachanga hupangwa safu kwa safu, na bei zake hupishana kwa mamia ya shilingi. Mama anayerudi kazini kiwandani baada ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu, au nyanya aliyeachiwa mjukuu, husimama mbele ya makopo hayo akijiuliza: Je, nikichukua lile la bei nafuu, nitamdhuru mtoto?

Swali hilo si dogo. Wapo wazazi wanaojinyima chakula ili wanunue kopo la bei ya juu. Wapo pia wanaolinunua, kisha hulitia maji mengi ili lifike mwisho wa mwezi. Hawa wa pili ndio walio katika hatari kubwa, kama tutakavyoona.

Titi kwanza

Kabla ya kuzungumzia kopo, ni lazima ielezwe kuwa hakuna kopo, liwe la bei gani, linaloshinda maziwa ya mama. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto 60 kati ya kila 100 wa Kenya walio chini ya miezi 6 hunyonyeshwa hivyo.

Hata mama aliye na virusi vya Ukimwi hushauriwa kunyonyesha, mradi anameza dawa zake za ARV bila kukosa na kufuata maagizo ya kliniki. Mama anayefanya kazi anaweza kukamua maziwa na kumwachia mlezi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea au kukamulia.

Hata hivyo, kuna watoto wanaohitaji kopo: aliyefiwa na mama, ambaye mama yake ni mgonjwa sana, au ambaye maziwa ya mama hayamtoshi hata baada ya ushauri wa muuguzi. Kwao kopo ni chakula cha lazima, na ni vyema mlezi ajue anachokinunua.

Kilichomo ndani ya kopo

Maziwa mengi ya kopo ni maziwa ya ng'ombe yaliyobadilishwa ili tumbo na figo za mtoto mchanga ziyaweze. Mafuta ya mimea huongezwa, pamoja na sukari ya maziwa, madini na vitamini.

Vipimo vya viungo hivyo havikuachiwa kila kampuni ijipangie. Tangu mwaka 1981 kuna kiwango cha kimataifa cha chakula, kiitwacho Codex, kinachosema ni nini lazima kiwemo na kwa kiasi gani. Kwa mfano, mililita 100 za maziwa yaliyokorogwa tayari ni lazima zitoe nguvu ya kati ya kilokalori 60 na 70. Viwango vya chini vimewekwa pia vya protini, mafuta, chuma na vitamini.

Kwa hiyo kopo la bei nafuu lililotimiza kiwango hicho, na lililopitia kwa Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS), lina kila kitu ambacho mtoto mzima wa afya anahitaji ili akue.

Basi bei inatoka wapi?

Sehemu ya bei hulipia jina, kopo lenyewe na usafirishaji. Sehemu nyingine hulipia viungo vya ziada ambavyo Codex haivilazimishi. Kinachotajwa sana ni DHA, aina ya mafuta yanayosemekana kumwongezea mtoto akili na nguvu ya macho. Watafiti wa Cochrane walipokusanya majaribio yaliyofanyiwa watoto waliozaliwa kwa wakati, katika ripoti yao ya 2017 walisema majaribio mengi hayakuonyesha faida wala madhara kwa ukuaji wa akili.

Tena kampuni moja inaweza kuuza ya ghali na ya nafuu kwa pamoja. Lactogen na NAN ni majina mawili yenye bei tofauti, lakini yote ni ya Nestlé.

Ng'ambo, ambako maduka makubwa huuza maziwa ya watoto kwa majina yao wenyewe, swali hili limechunguzwa. Mwezi wa Februari 2025 mamlaka ya ushindani wa biashara ya Uingereza ilieleza kuwa wazazi wengi hununua ya bei ya juu wakidhani ndiyo bora, ilhali yote lazima yatimize mahitaji ya mtoto. Iliongeza kuwa mzazi akihamia ya bei nafuu anaweza kuokoa karibu pauni 300 katika mwaka wa kwanza.

Jina kubwa nalo si kinga. Februari 2022 kampuni ya Abbott ya Marekani iliyarudisha kutoka madukani maziwa ya unga, yakiwemo ya jina maarufu la Similac, kwa hofu ya bakteria.

Piga hesabu ya mwezi

Mtoto wa kilo 5 anayetegemea kopo pekee huhitaji karibu mililita 750 kwa siku. Hizo ni takriban gramu 97 za unga. Kopo la gramu 400 litamalizika kwa siku 4, na kwa mwezi yatahitajika makopo 7 hadi 8. Ikiwa kopo moja linazidi jingine kwa Sh500, tofauti ya mwezi itapita Sh3,500.

Mzazi asiyeweza kulipa kiasi hicho kila mwezi ndiye anayeishia kupunguza vijiko. Mtoto hushiba maji, hulala, na mlezi hudhani ametosheka, kumbe anadhoofika. Kopo la bei nafuu lililokorogwa sawasawa ni bora mara nyingi kuliko la ghali lililotiwa maji. Kuongeza unga kupita kipimo nako ni hatari, kwani huzilemea figo.

Mambo ya kukagua dukani

* Nambari. Nambari 1 ni ya tangu kuzaliwa hadi miezi 6. Nambari 2 ni ya baada ya hapo. Yale ya nambari 3, ya watoto waliopita mwaka, si ya lazima.
* Tarehe ya mwisho ya matumizi, alama ya KEBS, na kopo lisilobonyea, lisilo na kutu wala kufunguliwa.
* Usinunue unga wa kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni, hata ukiambiwa ni wa kopo lile lile. Huwezi kujua ni nini wala ni wa lini.
* Maziwa ya unga ya chai, maziwa mazito ya mkebe na maziwa ya ng'ombe si badala ya maziwa haya kwa mtoto mchanga.
* Maziwa ya soya, yasiyo na sukari ya maziwa, au ya watoto njiti yanunuliwe kwa agizo la daktari tu.

Tangu 2012 sheria ya Kenya inakataza kutangaza maziwa haya au kuwagawia kina mama makopo ya bure. Anayekusifia jina fulani kliniki anavunja sheria.

Maji ya chumvi

Kwa wakazi wa bara la Mombasa, maji ni suala zito kuliko jina la kopo. Mifereji inapokauka, wengi hutumia maji ya kisima au ya mikokoteni. Kuchemsha huua viini, lakini hakuondoi chumvi. Maji yakipungua kwa kuchemka, chumvi huzidi kukolea. Unga wa kopo tayari una chumvi ya kumtosha mtoto, na figo zake haziwezi ziada. Tafuta maji matamu kwa ajili ya mtoto, hata kama nyumba nzima inatumia ya kisima.

Jinsi ya kutayarisha

Unga wa kopo si kwamba hauna viini kabisa. WHO inashauri hivi: Nawa mikono, chemsha vyombo, kisha chemsha maji yatokote. Yaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, yaani yabaki na joto la nyuzi 70 au zaidi, ndipo utie unga. Tumia kijiko kilichomo ndani ya kopo hilo, kwani vijiko vya makopo tofauti havilingani. Poza maziwa kwa kuweka chombo kwenye maji baridi, ujaribu matone mkononi kabla ya kumpa mtoto. Yasiyotumika kwa saa 2 yamwagwe. Kikombe ni salama kuliko chupa, kwa sababu ni rahisi kukiosha.

Ukibadilisha kopo, huenda choo cha mtoto kikabadilika kwa siku chache. Lakini akiharisha sana, akikataa kula, akikosa kukojoa au utosi ukibonyea, usingoje kubadilisha kopo jingine. Mpeleke mara moja hospitali iliyo karibu, iwe ya Likoni, Port Reitz au Hospitali Kuu ya Pwani. Na kila mwezi mpeleke kliniki apimwe uzani, kwa kuwa mizani ndiyo itakayokuonyesha kama maziwa unayompa yanamtosha.