Anayetamani Kufa Asiachwe Peke Yake

Katika jumuiya zetu ndogondogo, tunawaombea wagonjwa wa malaria, kisukari na saratani kwa majina yao. Anayesumbuliwa na mawazo ya kujiua hatumtaji, maana hatumjui. Naye hasemi, maana anaogopa kuhukumiwa. Kimya hicho kinaua.

Maandiko Matakatifu hayakifichi kilio cha namna hii. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya aliketi chini ya mti jangwani, akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji kwa mkono wa malaika, tena mara mbili. Utume ulifuata baadaye. Nasi tumlinde mtu kwanza, mafundisho yatafuata.

Kanisa linafundisha kwamba uhai ni zawadi ya Mungu, nasi ni mawakili wake, wala si wamiliki. Hata hivyo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282 na 2283, inatambua kwamba maradhi mazito ya nafsi, uchungu au hofu kuu vyaweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa makusudi. Ile ya mwaka 1983 haikuwataja tena miongoni mwa wanaonyimwa. Basi familia zilizofiwa hivyo zifarijiwe kama wafiwa wengine wote.

Tufanye nini? Tukimwona ndugu anajitenga, anagawa vitu vyake, anasema amekuwa mzigo kwa wengine, au anaficha majeraha aliyojitia mwenyewe, tumwulize waziwazi kwa upole: “Je, unafikiria kujiua?” Swali hilo halimpandikizii wazo, linamfungulia mlango wa kusema. Tumsikilize bila kumgombeza. Akiwa amekwisha kupanga, asiachwe peke yake hata kidogo; tuziweke mbali naye dawa za shambani na vidonge, tumsindikize hospitalini siku hiyohiyo. Nchini Kenya, Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu za wenye dhiki bila malipo kwa namba 1199.

Pengine atatuomba tusimwambie mtu. Siri ya Kitubio humfunga padre. Ahadi ya jirani haina nguvu hiyo pale uhai unapokuwa hatarini. Wala tusimlazimishe kuchagua kati ya sala na daktari. Paroko amwombee, tabibu amtibu, nasi jumuiya tumtembelee hata baada ya kurudi nyumbani.

Nawe unayesoma haya ukiwa umeelemewa: hujalaaniwa, wala imani yako si bure. Mwambie mtu mmoja leo, kabla ya usiku kuingia, na umwombe akae nawe.