Mwezi wa viraka: Wakulima wa pamba walivyopata biashara ndani ya matambara

Julai kwetu Kanda ya Ziwa ni mwezi wa mizani. Pamba imekwisha kuvunwa au inamaliziwa, na mkulima wa Bariadi au Kahama anahesabu kilo zake pamoja na deni la pembejeo. Kwa wakulima wa pamba wa kusini mwa Marekani mambo ni kinyume. Kwao Julai ni katikati ya kiangazi, joto ni kali na lenye unyevu, pamba bado imesimama shambani na fedha hazitaonekana mpaka mavuno yaanze mwishoni mwa Agosti au Septemba.

Safari hii tuangalie wakulima wa sehemu moja tu, Gee's Bend, katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama. Ni kipande cha ardhi kilichozungukwa pande tatu na mto Alabama, ambacho kwenye ramani huandikwa pia Boykin. Mwaka 1816 mzungu aliyeitwa Joseph Gee alianzisha hapo shamba kubwa la pamba lililolimwa na watumwa. Mwaka 1845 likaenda kwa Mark Pettway, ndiyo maana hadi leo familia nyingi za hapo, wajukuu wa watumwa hao, zinaitwa Pettway. Baada ya utumwa kufutwa walibaki wakilima ardhi hiyohiyo kama wapangaji, wakikopa mbegu na chakula kwa mfanyabiashara na kulipa kwa pamba.

Akina mama wa hapo walikuwa wakishona mifarishi. Kwa asiyeujua, mfarishi ni blanketi la matabaka matatu: uso wa juu ulioungwa kwa vipande vya nguo, pamba ya kujazia katikati, na kitambaa cha chini. Vyote vitatu hupitishiwa sindano kwa mkono mpaka vishikane.

Mwezi ulivyokwenda

Katika miaka ya 1930 hadi 1960, Juni ilikuwa ya jembe. Pamba ilipunguzwa miche na kupaliliwa tangu alfajiri, na mama alikuwa mstari mmoja na mumewe na watoto. Ilipofika katikati ya Julai palizi ya mwisho ilikwisha. Mimea ilikuwa imefunga mistari na hakukuwa na kazi kubwa mpaka vitumba vipasuke. Wiki hizo tano au sita ndizo familia ilizotumia kwa mambo ya nyumbani.

Si kwamba walipumzika. Bustani ilikuwa ikitoa kunde, bamia na mahindi mabichi, na visipohifadhiwa mapema vilioza. Mwishoni mwa miaka ya 1930 maofisa wa serikali waliwafundisha akina mama kuhifadhi mboga kwenye chupa kwa kutumia sufuria za mvuke, na akiba ya chupa ikawa jambo la kujivunia. Nyumba nazo zilihitaji mkono. Zile za zamani zilikuwa za magogo na mbao zenye nyufa, na ukuta wa ndani ulibandikwa magazeti na kurasa za majarida kwa gundi ya unga ili upepo usipite. Mifarishi ilitumika kwa kazi hiyohiyo ya kukinga baridi: ilitandikwa kitandani, sakafuni na hata kutundikwa ukutani.

Uso wa mfarishi ulishonwa na mama peke yake, muda wowote uliopatikana, kibarazani mchana wa joto au usiku watoto wakishalala. Hakuna kitambaa kilichonunuliwa dukani. Malighafi ilikuwa ovaroli na jinzi zilizochakaa magotini, magauni ya zamani, mifuko ya unga na ya mbolea. Pamba ya kujazia ilikuja baadaye, baada ya mavuno, nyingine ikiwa mabaki yaliyozolewa kwenye sakafu ya kiwanda cha kuchambulia na kupigwa kwa fimbo ili ilainike. Ndipo majirani walipokusanyika kwenye fremu ya mbao na kupitisha sindano pamoja. Kwa maneno mengine, kazi ya mtu mmoja ilifanywa vipindi vya kudokoa muda, na kazi ya kikundi ikasubiri majira ya baridi shamba likiwa halina kitu. Ratiba hiyo haikupangwa na mtaalamu yeyote, lakini nikiitazama kiuchumi sioni pa kuirekebisha.

Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Alichukua nguo zake za kazi, zilizopauka kwa jua na zenye alama za viraka, akazichana na kuzishona mfarishi mmoja ili ajifunike kumbukumbu yake. Binti yake Arlonzia alimsaidia. Mfarishi huo leo umo katika hazina ya jumba la taifa la sanaa mjini Washington.

Deni

Hayo yote yalikuwa matumizi ya nyumbani, na ni vizuri kukumbuka umaskini uliokuwapo. Bei ya pamba ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu senti 5 au 6 za dola kwa ratili. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha wakulima alifariki, na warithi wakadai madeni yote mara moja. Familia zipatazo 60 zilinyang'anywa nyumbu, ng'ombe, majembe, hata mahindi na viazi vitamu vilivyokuwa ghalani. Zilivuka majira ya baridi kwa msaada wa unga wa Msalaba Mwekundu. Baadaye serikali ilinunua ardhi hiyo, ikajenga nyumba mpya na kuwakopesha wakulima waimiliki. Hiyo ndiyo iliyowafanya wengi wabaki wakati weusi wengine wa kusini walipokuwa wakihamia mijini kaskazini. Hata hivyo, bwawa la Millers Ferry lililojengwa miaka ya 1960 lilifunika sehemu ya ardhi yao nzuri ya kando ya mto.

Kutoka kitandani hadi sokoni

Desemba 1965 kasisi mmoja, Francis X. Walter, alikuwa akipita Wilcox akaona mifarishi imeanikwa kwenye kamba. Alianza kuinunua kwa dola 10 mmoja na kuipeleka New York kwenye mnada. Machi 1966 akina mama wakaanzisha ushirika wao, Freedom Quilting Bee, na Estelle Witherspoon akawa meneja wake kwa miaka mingi. Kipindi hicho weusi waliojiandikisha kupiga kura walikuwa wakifukuzwa kwenye mashamba waliyopanga. Ushirika ulinunua ardhi, ukajenga karakana, na sehemu ya viwanja ukaiuzia familia zilizofukuzwa. Ulikuwa pia na mahali pa kulelea watoto mama zao wakiwa kazini.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 duka kubwa la Bloomingdale's la New York likaanza kununua, na mwaka 1972 kampuni ya Sears ikatoa kazi ya kushona foronya za kodrai. Hapa ndipo ninapomwomba msomaji mwenye kikundi cha ushonaji asimame kidogo.

Duka kubwa linataka mfarishi wa kumi ufanane na wa kwanza: vipimo vilevile, rangi zilezile, mishono ya ukubwa mmoja. Mshonaji wa Gee's Bend alikuwa hajawahi kushona miwili inayofanana, kwani alishona kulingana na matambara aliyokuwa nayo. Mkataba ulileta mshahara wa uhakika, jambo kubwa kwa mama ambaye hajawahi kushika fedha yake mwenyewe kabla ya pamba kuuzwa. Lakini ulimfanya kuwa kibarua wa kiwanda, anayeshindana na mashine. Mabaki ya kodrai waliyapeleka nyumbani, na mifarishi waliyoitengeneza kwa mabaki hayo ndiyo iliyokuja kusifiwa zaidi kuliko foronya zenyewe. Ushirika ulidumu hadi 2012.

Tufanye hesabu ya mfano, namba ni zangu. Tuseme mfarishi mmoja unachukua saa 80, matambara ni ya bure, uzi na pamba vinagharimu Sh 30,000, na mnunuzi anatoa Sh 90,000. Kinachobaki ni Sh 60,000, yaani Sh 750 kwa saa, au Sh 6,000 kwa siku ya saa nane. Kama kibarua wa palizi kijijini kwako anapata zaidi ya hapo, bei hiyo inafaa tu kwa saa ambazo zisingekuwa na kazi nyingine. Vikundi vingi ninavyokutana navyo huhesabu kitambaa na uzi, vikasahau saa kabisa.

Jina na bei

Katika miaka ya 1990 mkusanyaji wa sanaa, William Arnett, alianza kununua mifarishi ya zamani ya Gee's Bend. Mwaka 2002 ikaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Houston, kisha New York, watu wakaiangalia kama wanavyoangalia michoro ya mabingwa. Mwaka 2003 washonaji wakaunda umoja wao wa mauzo, na mfarishi uliokuwa wa dola 10 ukafikia maelfu ya dola. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye mifarishi hiyo.

Fedha zilipokuja, ugomvi nao ukaja. Mwaka 2007 washonaji watatu, akiwamo Annie Mae Young, walifungua kesi kuhusu malipo na haki za miundo yao iliyokuwa ikichapishwa kwenye bidhaa nyingine, na mwaka 2008 pande zikamalizana nje ya hukumu. Mwanzoni mwa 2024 kampuni ya maduka ya Target iliuza bidhaa zenye miundo ya washonaji watano. Malipo yao yalikuwa ya mara moja, si asilimia ya mauzo. Wapo wanaotetea utaratibu huo kwa kuwa mshonaji hubebi hasara bidhaa ikidoda. Mimi ningedai vyote viwili, kiasi cha awali na asilimia ndogo, na ningetaka viandikwe kabla muundo haujaondoka mikononi mwangu.

Tangu 2021 wengi wao huuza wenyewe kupitia intaneti, kila mfarishi ukiwa na jina la aliyeushona. Aidha, tangu Oktoba 2022 hufanya tamasha la kuanika mifarishi, na wageni huja kununua mlangoni. Kivuko cha kwenda mji wa Camden, kilichosimamishwa mwaka 1962 weusi walipokuwa wakidai kupiga kura na kuwaacha na safari ya zaidi ya kilomita 60 kwa barabara, kilirudishwa mwaka 2006, na tangu 2019 kinatumia umeme. Mnunuzi anashuka upande wa pili na kuikuta mifarishi kwenye kamba na nyua, kama ilivyoanikwa siku zote.