Majengo, Mahali Hesabu Ilipogoma

Muda mrefu kabla daktari yeyote hajafungua kliniki Majengo ya Pumwani, wakazi wa hapo walikuwa na habari zao kuhusu damu. Katika miaka ya 1920 na 1930, baada ya serikali ya kikoloni kuwakusanya Waafrika wa Nairobi katika lokesheni hiyo mashariki mwa mji, watu walisimuliana juu ya wazimamoto waliodaiwa kunyakua watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliwahoji kina mama wazee wa Pumwani miongo kadhaa baadaye na kuyakuta masimulizi hayo yangali hai. Baadhi ya kina mama hao walikuwa wamejenga nyumba zao wenyewe kwa pesa walizopata kwa wanaume, na hawakuwa watu wa kudanganywa ovyo. Kwa hiyo mwanamke wa Majengo aliyemnyooshea mgeni mkono ili atolewe damu alikuwa anafanya jambo zito.

Mwaka 1980 Profesa Herbert Nsanze wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa amewaalika wenzake wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, chini ya Allan Ronald, wamsaidie kuchunguza vidonda vya sehemu za siri vilivyokuwa vimeenea jijini. Miongoni mwa vijana waliofuata nyayo za Ronald alikuwemo Frank Plummer, daktari mzaliwa wa Winnipeg. Kliniki ilifunguliwa Majengo kwa ajili ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Wengine walikuwa wazaliwa wa Kenya, wengine walitoka Kagera, ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Wateja wao walikuwa vibarua, wapakiaji na wachuuzi. Mwanzoni watafiti walikuwa wakitafuta kisonono na vidonda. Mwaka 1985 walipima pia virusi vipya, vya UKIMWI, ambavyo wengi walidhani ni shida ya Marekani. Karibu theluthi mbili ya wanawake walikuwa navyo.

Ili kuelewa kilichofuata Majengo, inabidi aingie mtu aliyefariki mwaka 1657. William Harvey alikuwa daktari wa hospitali ya maskini ya Saint Bartholomew jijini London, na baadaye akawatibu wafalme. Madaktari wa zama zake bado walifuata mafundisho ya Galeni, yaliyokuwa yamedumu zaidi ya miaka 1,400, kwamba damu inatengenezwa na ini kutokana na chakula, kisha inatumika na kwisha mwilini kama maji ya shambani. Harvey alipima damu inayotoka moyoni kwa pigo moja, akachukua kiwango cha chini kabisa ili asishutumiwe kutia chumvi, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa. Ikatoka kwamba moyo unasukuma damu nyingi kuliko iliyomo mwili mzima. Hakuna ini wala chakula kingeweza kutoa kiasi hicho. Lazima ni damu ileile inayozunguka. Alichapisha hoja hiyo mwaka 1628, na wapo madaktari waliompinga kwa miaka mingi. Nampenda Harvey kwa sababu aliamini hesabu kuliko mamlaka, na aliikubali kabla hajaweza kuona njia ambamo damu hutoka kwenye mishipa ya ateri kuingia ya vena. Mishipa hiyo midogo mno ilionwa na Marcello Malpighi mwaka 1661, Harvey akiwa ameshazikwa.

Majengo nako kulikuwa na hesabu isiyolingana. Ukichukua idadi ya wateja kwa siku, ukazidisha kwa miezi na miaka, ukaangalia virusi vilivyokuwa vimeenea miongoni mwa wateja hao, hakuna mwanamke aliyepaswa kubaki salama. Lakini mwaka baada ya mwaka walikuwepo wachache waliokuja kliniki, wakapimwa, wakakutwa hawana. Daktari mwenye haraka angesema ni bahati, au kipimo kimekosea. Kundi la Nairobi lilikaa na swali hilo kwa zaidi ya muongo mzima, na mwaka 1996 likatangaza katika jarida la Lancet kwamba wanawake hao wana aina fulani ya kinga. Miaka miwili baadaye, wakishirikiana na Sarah Rowland-Jones wa Oxford, walionyesha kwamba miili ya baadhi yao ilikuwa na chembe nyeupe za damu zinazovitambua virusi na kuviua, ingawa maambukizi hayakuwa yameshika.

Kazi hii isingewezekana bila Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyepanda hadi kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Magazeti ya ng'ambo yalimwandika Plummer. Mimi naona Ngugi ndiye mhimili. Aliwaita wanawake kwenye mabaraza, akaongea nao kama dada zake, akawafundisha habari za kondomu na jinsi ya kumkabili mteja anayeikataa. Mwaka 1988 yeye na wenzake walichapisha matokeo: matumizi ya kondomu yalipanda, na maambukizi mapya yakapungua. Bila imani aliyoijenga, hakuna mwanamke angerudi miaka nenda miaka rudi kutolewa damu, na bila wanaorudi hakuna hesabu.

Damu hiyo ndiyo iliyozaa wazo la chanjo. Profesa Job Bwayo aliongoza upande wa Nairobi, na majaribio kwa binadamu yalianza huko mwaka 2001. Kabla ya hapo, mwaka 2000, ilijulikana kwamba wanasayansi wa Uingereza walikuwa wameomba hati ya umiliki wa uvumbuzi huo bila kuwahusisha wenzao wa Kenya. Nairobi ilipinga hadharani, na ilikuwa haki yao kupinga. Chanjo yenyewe iliamsha kinga hafifu mno, ikaachwa. Na mwaka huohuo wa 2001 hesabu iligoma tena: ilitangazwa kwamba baadhi ya wanawake waliokuwa salama miaka yote walikuwa wameambukizwa, hasa waliokuwa wameacha kazi kwa muda au kupunguza wateja. Ilionekana kinga ile ilihitaji kuchokozwa kila mara ili isilale.

Bwayo aliuawa na majambazi Februari 2007. Ngugi alifariki mwaka 2015. Plummer, aliyeishi Nairobi miaka 17 kisha akaongoza maabara ya taifa ya Kanada wakati wa SARS, alifia Nairobi Februari 2020, alipokuja kuadhimisha miaka 40 ya ushirikiano ule.

Wanawake hawana majina kwenye machapisho, na inafaa, maana siri yao ni haki yao. Linalonisumbua ni jingine. Kwa karibu miaka 20 walitibiwa kisonono na vidonda, wakapewa kondomu na ushauri, huku virusi vyenyewe vikiwa havina dawa ambayo mtu wa Pumwani angeweza kuimudu. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure nchini katikati ya miaka ya 2000, kliniki ileile ikaanza kuzigawa. Wengi wa wale theluthi mbili waliokutwa na virusi mwaka 1985 walikuwa wameshakufa, na chanjo iliyotarajiwa kutoka kwa dada zao waliosalimika haijapatikana hadi leo.