Pampu ikinyamaza: mashini mpya za mine, nani anashika ufunguo?

Kwetu katika cité, courant ikikatika, watoto wanapiga kelele, mama anatafuta mshumaa, baba anatoka nje kuangalia kama ni nyumba yetu tu ao ni avenue nzima. Kiisha tunalala. Lakini kule chini ya udongo, mchimbaji hashangai giza, maana taa yake iko kwenye kofia. Yeye anasikia kimya. Ventilateri imenyamaza. Pampu imenyamaza. Na toka dakika ile, hewa na maji vinaanza kumuhesabia saa.

Ndugu wasomaji, siku hizi tunasikia sana habari ya mashini zenye akili: zinajiongeza na kujipunguza zenyewe, zinatumia courant kidogo, zinaongozwa toka ofisi ya juu. Wengine wanazisifu, wengine wanaogopa zitafukuza watu kazini. Leo sisi tutasema juu ya hewa na maji tu, juu ya pale ndipo maisha ya mchimbaji inaposimama.

Pampu hailali

Wana-Kipushi wanajua. Mine yao, kilometa 30 hivi toka Lubumbashi, ilifunguliwa mwaka 1924 na Union Minière. Mwaka 1993 uchimbaji ulisimama, lakini pampu ziliendelea, maana maji ya chini hayajui kama kazi imesimama. Mwaka 2011 pampu kubwa iliharibika. Maji yakapanda, yakapanda, mpaka yakabakiza meta 850 hivi kufika juu. Kuyarudisha chini kulikula miaka. Mine ilianza tena kutoa zinki mwaka 2024.

Kupandisha maji si muchezo. Meta kibe moja, ni kusema mapipa matano ya lita 200, kuipandisha meta 1,000 inaomba karibu kilowati-saa 3 hata kama pampu haipotezi kitu. Na pampu iliyochakaa inapoteza mingi. Kwa hiyo pampu inayopimwa kila siku, ambayo inaita fundi mbele ya kuharibika, iko na faida mara mbili: inakula courant kidogo, na haitunyamazii usiku.

Ventilateri inayosikiliza

Ventilateri ya zamani ilijua mambo mawili tu: kusimama na kukimbia. Ya kisasa iko na variateri, kisanduku kinachoongoza mwendo wa motere. Hapa kuna hesabu moja nzuri. Ukipunguza mwendo wa ventilateri kutoka 100 mpaka 80, courant haishuki kwa sehemu 20 tu. Inashuka karibu nusu! Basi kule ambako hakuna mtu wala mashini ya mazout, ventilateri inatembea polepole. Watu wakiingia, inaongeza.

Wengine watasema: hiyo ni makuta ya mukubwa, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu. Laini ya courant ya Inga inatembea kilometa 1,700 hivi mpaka Kolwezi, toka mwaka 1982, na kila mtu huku anajua kama haitoshi. Ikikatika, groupe ya akiba ndiyo inawasha. Lakini groupe iko na nguvu yenye mwisho. Pampu na ventilateri zikiomba kidogo, groupe itazibeba zote mbili mpaka watu wote wapande. Zikiomba mingi, mtu atapashwa kuchagua: hewa ao maji. Kuchunga courant ni kuchunga mtu.

Pale mashini inapodanganyika

Mashini inayosikiliza inaweza kusikia vibaya. Inahesabu watu kwa alama walizobeba, kama vile zamani tulivyohesabiwa kwa jeton. Kama ndugu ameacha alama yake kwenye koti, kwa mashini yeye haiko. Kwa hiyo sheria ya kwanza: ventilateri isishuke hata siku moja chini ya hewa ya lazima, na vipimo vya gazi viwe na neno la mwisho. Kiisha kulipua, moshi mbaya unabaki, hata kama pua haiusikii.

Ya pili ni kadena. Zamani motere iliwashwa na mtu, na mtu ule ulimwona. Leo inaweza kuwashwa na kompyuta, hakuna mkono. Fundi asiingize mkono wake mbele ya kukata courant, kufunga kadena yake mwenyewe, na kuweka ufunguo katika mfuko wake mwenyewe. Mafundi wakiwa watatu, kadena ni tatu. Na variateri inaficha courant ndani hata kiisha kukatwa. Ngojea dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko chake, kiisha upime.

Ya tatu ni wezi wa kompyuta. Mwezi wa 3 mwaka 2019, kampani ya aluminiamu Norsk Hydro ya Norwei iliamka na kukuta kompyuta zake zimefungwa, karibu 22,000 katika inchi 40. Wezi walitaka walipwe. Kampani ilikataa. Basi nini iliokoa kazi? Karatasi na mikono. Watumishi walirudi kuongoza mashini kwa mkono, na mahali pengine wazee waliokwisha kwenda pension walirudi kusaidia, juu walikumbuka kazi ya mbele ya kompyuta.

Tufikiri juu ya jambo lile. Huku kwetu wako wazee waliofungua na kufunga vana za pampu kwa mkono miaka makumi mawili, makumi matatu. Mashini mpya ikifika, wanaambiwa wapumzike. Hiyo ni kutupa ufunguo wa akiba. Kijana ajifunze kompyuta, ndiyo, lakini siku moja moja izimwe kwa kusudi, na mzee amuonyeshe vana iko wapi.

Neno kwa creuseurs

Ndugu zetu wa mashimo ya mkono hawana variateri wala vipimo. Lakini hesabu ya hewa ni ile ile. Usishushe groupe ao motopompe ya petroli ndani ya shimo, hata kwa dakika kidogo. Moshi wake hauna harufu ya kukuamsha. Unalaza mtu, na yule anayeshuka kumusaidia analala pia. Mashini ibaki juu, mbali na mdomo wa shimo, upepo ukitoka shimoni kwenda kwake. Kiishia chini kipeleke bomba tu.

Tuulize nini?

Mashini mpya zitakuja, tupende tusipende, na nyingi ni nzuri. Basi zikifika kazini, delegati wenu aulize mambo matatu. Groupe ya akiba ilijaribiwa siku gani, na inabeba pampu pamoja na ventilateri? Kompyuta ikifa, nani katika poste hii anaweza kuongoza kwa mkono? Kila fundi iko na kadena yake na ufunguo mmoja tu?

Na ninyi mama, baba akirudi toka poste, kiisha kumupa maji ya kuoga, mumuulize vilevile. Asipojua jibu, kesho aende nalo kazini.